Panchi ya kukaza kwa spana kwenye maboksi ya breka ya chuma: uzoefu wangu

Mafundi wenzangu wengi hapa Uingereza wakiona panchi yangu ya kutobolea maboksi ya breka huuliza bei, wakishaisikia wanarudi kwenye msumeno wao wa kikombe, ule wa duara unaofungwa kwenye drili. Ni ghali kweli, bei yake ni mara kadhaa ya seti ya misumeno hiyo. Hata hivyo naipendekeza kwa mtu yeyote anayefunga maboksi ya chuma kama kazi ya kila siku, na naandika hapa ili anayesitasita ajue anachonunua.

Chuma chenyewe kina historia yake. Nyumba nyingi hapa zilikuwa na maboksi ya plastiki, na Zimamoto ya London ikawa inakutana mara kwa mara na moto ulioanzia humo ndani, hasa kwenye maungio ya nyaya ambayo skurubu zake hazikukazwa sawasawa. Mwaka 2015 marekebisho ya tatu ya toleo la 17 la BS 7671, yaani kanuni za Uingereza za kufunga umeme, yakaleta kifungu 421.1.201. Tangu tarehe 1 Januari 2016 boksi la nyumba ya kuishi linatakiwa liwe la kitu kisichoungua, au likae ndani ya kabati isiyoungua. Karibu wote tukahamia kwenye chuma. Plastiki ulikuwa unaimega kwa plaisi ukiwa juu ya ngazi. Chuma kina kingo zinazokata ganda la waya, na kila tundu unalotoboa unatakiwa ulizibe, la sivyo lile boksi la kuzuia moto limebaki jina tu.

Panchi yangu ina kisu, kikombe na bolti. Unatoboa tundu dogo la kupitisha bolti, kikombe kinakaa upande mmoja wa bati na kisu upande wa pili, kisha unakaza kwa spana. Bati la maboksi haya lina unene wa milimita moja na ushei, kwa hiyo halihitaji nguvu kubwa. Spana inakuwa nzito, halafu inalegea ghafla, na kipande cha duara kinabaki ndani ya kikombe. Hakuna kelele ya kumwamsha mtoto wa mwenye nyumba, na rangi ya boksi haiungui.

Kilichonifanya niipende hasa ni chembe za chuma, au niseme kutokuwepo kwake. Msumeno wa kikombe hutawanya chembe kila mahali, na chembe hizo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Ikijipenyeza ndani ya breka au RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) inaweza kuzuia mtambo usiruke, yaani usikate umeme, siku inapohitajika, au ikaunganisha sehemu mbili ambazo hazikupaswa kugusana. Na haionekani. Unafunga kifuniko, unapima, majibu yote mazuri, kumbe imelala pale chini inangoja. Kwa panchi chembe pekee ni zile za tundu la kuanzia. Hizo nazo sizidharau. Boksi jipya nalitoboa kabla halijapanda ukutani, breka zote zikiwa nje, kisha napitisha sumaku na brashi.

Jambo la pili ni kipimo. Panchi ya M20, yaani ya glandi (kiungio kinachoibana kebo kwenye tundu) ya milimita 20, hukata milimita 20.4, ya M25 hukata 25.4, na ya M32 hukata 32.5. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoiruhusu glandi kuingia bila kulazimishwa, na bado nati yake inakaa vizuri pande zote. Msumeno ukiyumba kidogo mkononi unakupa tundu la umbo la yai, glandi inakaa upande na pengo linabaki. Kingo za panchi hutoka safi zaidi, ingawa mimi bado nazipitishia tupa kidogo, maana kidole changu kikikwaruzwa na waya nao utakwaruzwa.

Kasoro zake zipo. Haifai kwenye boksi la zamani lililojaa nyaya, kwa sababu kikombe kinahitaji nafasi upande wa ndani. Ukitaka kupanua tundu lililokuwepo, bolti inaelea na huwezi kupata katikati. Hapo biti ya ngazi, ile ya drili inayopanuka hatua kwa hatua, inaishinda kwa mbali. Mlango wa mstatili wa nyuma haiuwezi kabisa, hapo ni msumeno wa umeme na tupa. Bolti inataka grisi kila mara, na seti za bei rahisi zina visu vinavyopoteza makali mapema.

Kuhusu kuziba, tundu zuri bila glandi nzuri ni kazi nusu. Upande wa juu wa boksi unatakiwa usipitishe hata waya wa milimita 1, na pande nyingine zisiruhusu kidole, yaani pengo lisizidi milimita 12.5. Kwa kebo moja moja natumia glandi. Kwa kundi la kebo zinazoingia kwa nyuma naweka ukanda wa plastiki kwenye kingo, kisha nafunga nafasi zilizobaki kwa mastiki inayovimba ikipata moto. Kanuni haiitaji mastiki hiyo kwa jina, lakini mimi naiweka. Lile povu la kawaida la wajenzi silitaki karibu na boksi, maana linaungua.

Zile nyaya nene za kutoka kwenye mita, kwa kawaida milimita za mraba 25, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) lazima zipite tundu moja. Kila moja ikipita tundu lake, usumaku wa mkondo unazunguka kwenye chuma kilicho kati yake na kukipasha joto, kifungu 521.5.1 kinakataza. Na zinahitaji glandi inayozibana, hasa kwenye nyumba inayotegemea fimbo ya ardhi, ile ya chuma inayopigiliwa ardhini, kama zilivyo nyingi za vijijini hapa na nyingi za kwetu Afrika Mashariki. Tuseme ukinzani wa fimbo ni omu 100. Laini ikichunwa na kingo na kugusa boksi, volti 230 zinasukuma ampea 2.3 tu. Fyuzi ya ampea 100 haitajua kitu. RCD nayo haitaruka, kwa sababu hitilafu iko kabla yake. Boksi linabaki na umeme, pamoja na kila chuma kilichoungwa kwenye ardhi ile. Ndiyo maana kwenye tundu hilo sikubali ukanda wa kingo peke yake.

Kwa hiyo asiye na uwezo wa seti nzima namshauri aanze na panchi ya 32. Inatosha glandi ile ya kupitisha laini, nyutro na waya wa ardhi pamoja, na ndilo tundu ambalo msumeno huliharibu zaidi. Ya 20 inaweza kusubiri. Biti ya ngazi yenye makali, mafuta kidogo na mwendo wa polepole vitamfikisha.