GIMP kwa tagi ya majira ya maua: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutengeneza tagi ya majira ya kuchipua, mafunzo mengi utakayoyapata ni ya PaintShop Pro, na karibu yote yana tulipu, vipepeo na mayai ya Pasaka. PaintShop Pro ni ya kulipia, tena inataka Windows. Kompyuta yangu ni ya zamani na inatumia Linux, basi nikashika GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, ambayo imekuwa ya bure tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996.

Kwa asiyezijua, tagi ni picha ndogo ya mapambo yenye jina la mtu. Wengine huiweka chini ya barua pepe. Sisi tunaitumia WhatsApp. Zangu nimewatengenezea mama wa likelemba yetu ya Kamalondo (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), kila mmoja na jina lake, awe anaituma akishatoa mchango wa mwezi.

Tulipu niliziacha mapema. Machi hapa kwetu mvua bado inanyesha na kila kitu kilishakuwa kijani zamani. Kuchipua kwetu ni Septemba, vumbi la kiangazi likiwa bado hewani: jakaranda za mjini zinajaa maua ya zambarau, na miti ya miombo ya njia ya Likasi, ile ambayo wachoma makaa hawajaimaliza, inatoa majani mapya mekundu kama shaba. Kwa hiyo maua niliyapiga picha mwenyewe kwa simu, juu ya karatasi nyeupe.

Kukata ua litoke kwenye karatasi ndiyo kazi yenyewe. GIMP ina amri ya kugeuza rangi fulani kuwa uwazi: unaichagulia nyeupe, karatasi inatoweka. Lakini zambarau ya jakaranda ni hafifu, ina weupe ndani yake, na GIMP inaunyonya weupe huo nao. Ua linabaki kama moshi. Ukiweka mandhari ya kijani nyuma yake, kijani kinaonekana kupitia petali. Dawa ipo kwenye dirisha la amri hiyohiyo: kuna vipimo viwili vya kikomo, kimoja cha uwazi na kimoja cha uzito wa rangi. Teremsha hicho cha pili taratibu huku ukiangalia katikati ya ua, petali zitarudi kuwa nzito na ukingo utabaki laini. Kwa ua lenye rangi kali, mfano hibiskasi nyekundu, wala huhitaji kuhangaika hivyo.

Kivuli cha chini ya ua ni rahisi mno. Katika toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, kivuli kinabaki kama kichujio (athari inayoongezwa kwenye picha) juu ya tabaka, yaani moja ya picha zinazopangwa juu ya nyingine, unaweza kurudi kesho ukakisogeza au kukipunguza bila kuanza upya. Kwangu hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aache toleo la zamani la 2.10. Toleo hilo pia linaweza kuzungushia herufi ukingo wa rangi nyingine, na jina likabaki maandishi ya kawaida. Ukimaliza tagi ya Mama Béatrice, unafuta jina, unaandika Mama Odette, basi.

Kupindisha jina lifuate duara, hapo sina sifa za kutoa. Unachora njia, yaani mstari wa kuongoza maandishi, unaipindishia maandishi, na kinachotoka ni mchoro wa mistari ambao lazima uujaze rangi mwenyewe. Ukikosea herufi moja, rudi mwanzo. Mimi majina yote nimeyaandika yamenyooka na hakuna mama aliyelalamika.

Kuhifadhi nako kunawachanganya wanaoanza. Ukibonyeza kuhifadhi, GIMP inatoa faili ya XCF yenye matabaka yote, ambayo simu haitaifungua. Picha ya kutuma inapatikana kwa amri ya kuhamisha (Export). Chagua PNG ikiwa unataka pembe ziwe wazi, na WhatsApp uitume kama faili, kwa kuwa ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na uwazi unapotea. Njia nzuri zaidi ni stika: faili ya WebP ya pikseli 512 kwa 512, isizidi kilobaiti 100, na GIMP inaitoa yenyewe.

GIF ya petali zinazoanguka inawezekana pia, kila tabaka likiwa picha moja ya mwendo. Ila GIF ina rangi 256 tu, na pikseli yake ni wazi kabisa au si wazi kabisa, hakuna katikati. Kile kivuli laini kinakuwa na meno meno. Ukiitaka, weka mandhari ya rangi moja nyuma.

Kwa kadi moja ya haraka ya siku ya kuzaliwa, programu ya simu inatosha, usijisumbue. GIMP inalipa pale unapotaka tagi nyingi za familia moja. Yaya (dada mkubwa) mmoja wa likelemba sasa anataka yake iwe na majani mekundu ya miombo badala ya maua: nabadilisha tabaka moja, jina na mpangilio vinabaki palepale.