Kocha wa walimu: muhula mmoja shuleni kwetu Arua

Hapa Arua, Uganda, ukisema kocha, watu wanauliza timu yetu ya mpira, Onduparaka, inacheza na nani. Mwalimu mkuu alipotangaza kwamba kamati ya wazazi imelipia kampuni moja ya Kampala ituletee kocha wa walimu muhula mzima, wenzangu walicheka. Mimi nilinuna. Nafundisha Kiswahili, somo la sanaa. Mwaka 2022 niliona wenzetu wa sayansi wakiongezwa mshahara sisi tukiachwa, sasa nikajua inakuja semina nyingine.

Siku ya kwanza ilikuwa hivyo hasa: ukumbi wa hoteli, projekta, soda, na maelezo marefu kuhusu mtaala mpya tunaoufundisha tangu 2020. Mkiwaita, waambieni siku hiyo waiondoe na bei ipungue.

Kazi ilianza kocha mwenyewe, madamu mmoja, alipoingia darasani kwangu, kidato cha pili, wanafunzi 94. Kwanza aliniuliza nataka atazame nini. Wakaguzi huja na fomu yao, swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikabahatisha: tazama ninavyouliza maswali. Madamu akakaa nyuma na daftari. Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, nikadhani anapoteza muda. Baadaye, chini ya mwembe, akanionyesha mchoro wa darasa aliouchora na vijistari juu yake. Niliuliza maswali 41. Majibu 29 yalitoka kwa watoto walewale watano wa dirishani. Katika 12 yaliyobaki, manane nilijijibu mwenyewe.

Hakunisifu wala kunilaumu. Alinisimulia tu habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye miaka ya 1970 alieleza kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja. Wakivumilia hadi tatu, majibu hurefuka na watoto wakimya nao huanza kusema. Jamani, sekunde tatu ni ndefu! Wiki nzima nilikuwa nahesabu vidole mgongoni.

Ila kilichonibadilisha ni vikao vya Alhamisi. Walimu wanne mnapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, watatu wanakaa wakiwatazama wanafunzi, siyo mwalimu. Mtindo huo asili yake Japani. Tulichukua somo langu la ngeli ya KI-VI. Mwalimu wa jiografia ni Muganda: kwao ni ekitabo, ebitabo, kwa hiyo kitabu na vitabu havikumsumbua. Mwalimu wa hesabu ni Mlugbara, na lugha yake haina ngeli. Akauliza, "Kiti, sawa. Lakini kuanguka kumehusianaje na kiti mpaka nako kubebe ki?" Miaka tisa nafundisha hapa, swali hilo sikuwahi kulisikia, maana wanaolihitaji ndio wasionyoosha mkono. Tulifuta nusu ya somo palepale. Jedwali la ngeli likasubiri; tukaanza na vikombe vya chai mezani, mtoto anagusa na kusema, kikombe hiki kimejaa, vikombe hivi vimejaa. Binti mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake sikuwa nikiijua, alinisahihisha mimi.

Sasa malalamiko. Katikati ya muhula kampuni ilimhamisha madamu na kutuletea kijana. Mpole, ana bidii, lakini alikuja na jedwali la alama akaanza upya kana kwamba tulikuwa hatujaonana na mtu. Baya zaidi, mwalimu mkuu alitaka kuona madaftari ya kocha ili ajue mwalimu gani dhaifu. Madamu alikuwa amekataa, kijana alimpa. Mkataba haukusema lolote juu ya hilo, nimeusoma mwenyewe. Tangu siku hiyo mwenzangu mmoja akiona kocha anakuja anatoa somo la maonyesho, lile ambalo wanafunzi wameshalifanya jana, na huwezi kumlaumu.

Nawapa saba kwa kumi, na saba zote ni za madamu na Alhamisi. Anayetaka huduma kama hii aandikishe mambo mawili kabla ya kulipa: kocha yuleyule hadi muhula uishe, na daftari libaki kati ya kocha na mwalimu.

Muhula huu kamati haikulipa tena. Alhamisi tunaendelea wenyewe, kila mtu anatoa shilingi 1,000 ya chai na chapati. Wiki ijayo ni zamu ya mwalimu wa hesabu, na ameshaanza kutuomba tusikae mbele.