Tableti kwenye Caravan, mwaka na nusu sasa: uzoefu wangu

Wakuu, mimi narusha Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kutoka Dar, siku nyingine miruko sita saba, Zanzibar, Mafia, halafu huko porini Nyerere na Ruaha. Mwaka na nusu sasa natembea na tableti ya inchi 8 badala ya lile begi la machati, yaani ramani za anga, lililokuwa linaniua bega. Programu ya ramani siitaji jina, hawanilipi.

Nianze na ujinga wangu. Ya kwanza nilichukua Kariakoo, ya wifi tupu, bei chee. Nyumbani nikaiwasha, kialama cha ndege kikatokea mtaani kwetu kabisa, nikajiona mjanja. Kesho yake tumeruka, tunaiacha Pugu, kialama bado kimekaa nyumbani kwangu. Kumbe aina ile ya wifi haina GPS ndani, ilikuwa inabahatisha kwa wifi za majirani! Ile ya laini ndiyo inayo, hata usipoweka laini yenyewe. Uliza kabla hujatoa hela.

Utamu wake ni chini, kabla hujawasha injini. Ndege yetu mwisho wa uzito wa kuruka ni pauni 8,750, na wageni wanaambiwa begi laini kilo 15 ila unamkuta mtu kaja na sanduku la magurudumu na lenzi ndefu kama bomba la maji. Zamani nilikuwa napiga hesabu na kalkuleta juu ya goti, jua linawaka, abiria wananitazama. Sasa najaza uzito siti kwa siti na kidoti kinachoonyesha mizani ya ndege, uzito umeegemea mbele au nyuma, kinahama chenyewe, kikitoka nje ya mstari kinakuwa chekundu. Juzi Ruaha baba mmoja wa mwili kashajikalisha nyuma kabisa na mkewe, nikamwonyesha kile kidoti, akacheka akahamia mbele bila neno. Ningemwambia kwa mdomo tu angenuna hadi Dar.

Sasa joto. Kitabu cha tableti kinasema mwisho nyuzi 35, na Nyerere saa saba mchana ndani ya ndege iliyopaki juani wala usiulize. Niliiacha juu ya dashibodi, nimezunguka kupakia mabegi dakika kumi hivi, kurudi skrini nyeusi na picha ya kipimajoto. Kijana wa kambi, kwa roho nzuri kabisa, akataka kuitumbukiza kwenye boksi la barafu pamoja na soda, nikamdaka mkono, maana unyevu ukiingia humo ndiyo basi tena. Nikavua kava, nikaielekeza kwenye tundu la hewa, ikaja kuamka tumeshakaa angani kama dakika ishirini na muda wote huo naruka na karatasi zangu za pajani. Kwa hiyo karatasi za njia zangu sijaziacha, wanaonicheka wacheke.

Vingine vidogo. Chati zinabadilika kila siku 28, nazishusha usiku na wifi ya nyumbani kwa sababu kule porini mtandao ni hadithi. Miwani ya jua ya polaroidi nayo ina visa, ukiilaza tableti unaona giza tupu.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila ile yenye GPS. Yangu ina ufa pembeni, inapiga kazi tu, na ile ya Kariakoo mwanangu anaangalizia katuni.