Simfoni zote 9 za Dvořák, okestra ya London chini ya Kertész: uzoefu wangu

Kama unachotaka kwa Dvořák, mtunzi Mcheki wa karne ya 19, ni ile ya 9 tu, “Kutoka Ulimwengu Mpya”, huhitaji seti hii. Hiyo imerekodiwa na karibu kila okestra kubwa, na utaipata peke yake kwa bei nafuu. Thamani ya seti ya kiongozi wa okestra István Kertész na London Symphony Orchestra, iliyorekodiwa na kampuni ya Decca kati ya 1963 na 1966, iko kwenye simfoni ambazo wasikilizaji wengi huziruka. Hasa ya 5 na ya 6.

Nianze na ya 5, ya mwaka 1875. Inafunguliwa na klarineti mbili kwa upole, kisha okestra nzima inaamka. Kertész hana haraka, wala haipambi. Ukifika sehemu ya nne, sello na besi zinaingia kwa hasira ambayo hukuitarajia kabisa baada ya mwanzo ule mtulivu. Mimi huimba besi kwenye kwaya ya kanisani, kwa hiyo sikio langu hutafuta cha chini kwanza. Hapa cha chini kipo, kimenyooka, na kila noti inasikika. Ukumbi umechangia: walirekodia Kingsway Hall, jengo la Wamethodisti jijini London lililosifika kwa mwangwi wake, ingawa treni za chini ya ardhi zilizopita karibu ziliwasumbua mafundi sauti miaka yote.

Ya 6 ndiyo ninayoirudia zaidi. Sehemu yake ya tatu ni furiant, ngoma ya kwao Dvořák, Bohemia (Ucheki ya leo), ambamo mapigo ya tatu-tatu yanakatwa yakasikika kama ya mbili-mbili, halafu yanarudi. Aliyekulia kwenye chakacha ataushika mchezo huo bila kuelezwa. Viongozi wengine wa okestra huulainisha mgongano huo; Kertész anauacha ung'ate.

Usiidharau ya 1. Dvořák aliiandika mwaka 1865 akiwa kijana, akaipeleka kwenye mashindano Ujerumani, na nakala haikurudi. Ilikuja kupigwa mara ya kwanza mwaka 1936 mjini Brno, mtunzi akiwa amefariki tangu 1904. Hakuwahi kuisikia. Ni ndefu kupita kiasi, nakubali, na kuna mahali inazunguka tu. Lakini wanamuziki hawa wanaipiga kwa uzito uleule wanaoipa ya 7, na heshima hiyo ndiyo iliyonifanya niipende seti nzima.

Kasoro zipo. Vayolini za juu zinakuwa kali panapopigwa kwa nguvu zote, na tarumbeta wakati mwingine zinawafunika wenzao. Anayependa sauti ya joto zaidi aitafute seti ya Rafael Kubelík na Berlin Philharmonic. Kubelík alikuwa Mcheki, na zile sehemu za polepole anazielewa kwa namna yake; katika ya 8 hata mimi humwendea yeye. Kwa moto na mwendo, nabaki na Kertész. Alikuwa Mhungari, mzaliwa wa Budapest, na alikufa maji mwaka 1973 akiogelea baharini Israel, akiwa na miaka 43 tu. Najiuliza mara nyingi angezipigaje simfoni hizi uzeeni.

Upande wa kusikiliza: CD ni bora ukizipata. Programu moja ya muziki niliyoitumia bila kulipia ilikuwa inachanganya sehemu, ya nne inakuja kabla ya pili, na simfoni haivumilii hilo. Pakua albamu nzima ukiwa na bando la kutosha. Na tumia hedifoni au spika za maana. Ya 7 inaanza chini sana, na kwenye spika ya simu utadhani haijaanza.

Mgeni ningemshauri aanze na ya 6, kisha ya 8, ya 7, ya 5, halafu ya 3, ambayo ina sehemu tatu badala ya nne na maandamano ya mazishi katikati. Ya 9 aiache mwisho. Wanakwaya wengi wanaijua sehemu yake ya polepole kwa maneno ya “Goin' Home” na kuamini ni wimbo wa kale wa Wamarekani weusi. Maneno hayo yaliandikwa na William Arms Fisher, mwanafunzi wa Dvořák, mwaka 1922, wakati simfoni yenyewe ilipigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Kertész anaiongoza bila kuivuta, kwa hiyo zumari ile nzito inayobeba wimbo inapata pumzi ya kuimba. Na katika sehemu ya kwanza anaurudia ufunguzi kama mtunzi alivyoagiza, jambo ambalo viongozi wengi wa enzi zake waliliacha.