Hanesi ya kukwea miamba: ijaribu ukiwa unaning'inia

Hanesi, yaani mikanda ya kiuno na mapaja inayomfunga mkweaji kwenye kamba, karibu zote ni nzuri ukiwa umesimama. Sponji imejaa, mkanda umekaa, unajiona uko tayari. Tabia yake hujulikana miguu inapoachana na sakafu na uzito wako wote ukabaki kwenye kamba. Kwa hiyo maksi zangu natoa kwa mambo mawili: inavyokaa mtu akiwa ananing'inia, na inavyolika pale kamba inapopita.

Nguvu naimaliza mapema. Hanesi ya kukalia (ya kiuno na mapaja tu) yenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 12277 aina C imevutwa kwa kilonewton 15 (15 kN) kwenye majaribio, yaani takribani uzito wa tani moja na nusu. Ya bei ya chini na ya bei ya juu zimefanya mtihani huohuo. Ukiongeza pesa unanunua starehe au wepesi, na wepesi mara nyingi hupunguza maisha ya kifaa.

Kwenye starehe, wengi hudanganywa na unene. Sponji haibebi mtu. Kinachobeba ni utepe ulioshonwa ndani ya mkanda. Kama utepe huo ni mmoja na unapita katikati, sponji itabonyea na utepe utakukata kiunoni hata kama pedi ina unene wa kidole. Utepe ukigawanywa mara mbili, mmoja ukapita ukingo wa juu na mwingine wa chini, mzigo husambaa. Kampuni ya Arc'teryx wana ufundi wanaouita Warp Strength, unaotandaza nyuzi zinazobeba kwenye upana wote wa mkanda, ndiyo maana mkanda wao ni mwembamba na bado haukati. Ukiishika hanesi yoyote, ikunje na uibonyeze kwa vidole: ukigusa mstari mmoja mgumu katikati na ulaini mtupu pembeni, irudishe.

Vaa hivi. Legeza bizimu zote, pandisha mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, kaza, kisha ukamate kwa mikono miwili na uuvute chini kwa nguvu. Ukivuka nyonga, ni mkubwa, basi. Hakuna cha kujadili, kwa sababu mtu akianguka kichwa chini anaweza kuchomoka. Kiganja kilichonyooshwa kipite kati ya mkanda na tumbo, ngumi isipite. Ncha ya utepe inayobaki baada ya bizimu iwe angalau sentimita 8, ila ukikuta mwongozo wa mtengenezaji unadai zaidi, fuata huo. Vitanzi vya mapaja viwe na nafasi ya kiganja, na goti lipande hadi usawa wa kiuno bila kitu kuvuta. Jaribu ukiwa na nguo utakazokwea nazo, maana suruali nene peke yake inabadilisha saizi.

Sasa ning'inia, dakika kumi kama muuzaji ana subira. Mapaja ndiyo yabebe sehemu kubwa ya uzito na kiuno kikuweke wima. Ganzi ikija miguuni upesi, vitanzi vya mapaja ni vyembamba au vimekazwa mno. Mkanda ukipanda hadi mbavuni, ama hukuukaza au ni saizi ya mtu mwingine. Ukihisi unapinduka kwenda nyuma, angalia kama mkanda umeshuka chini ya nyonga. Halafu kuna kipimo ambacho lebo nyingi haziandiki: umbali kati ya mkanda wa kiuno na vitanzi vya mapaja. Umbali huo ukiwa mfupi kuliko mwili wako, vitanzi vya mapaja vinauburura mkanda chini. Ukiwa mrefu, kiuno kinabeba kila kitu. Modeli za wanawake kwa kawaida zina umbali mrefu zaidi na mapaja mapana kulinganisha na kiuno. Mwanamume mwenye umbo hilo azijaribu bila aibu.

Asiye na nyonga za kuzuia mkanda hahusiki na mazungumzo haya. Mtoto mdogo avae hanesi ya mwili mzima. Aina B ya kiwango kilekile ni ya mwili mzima kwa wenye uzito usiozidi kilo 40. Mtu mzima ambaye tumbo limezidi nyonga naye achukue ya mwili mzima, au aongeze ya kifuani inayoendana na ile ya kukalia.

Kuhusu bizimu nina upendeleo na sifichi. Mkanda wa kiuno wenye bizimu moja ukikazwa sana hujivuta upande mmoja: vitanzi vya kutundikia vifaa vya upande wa bizimu vinasogea mbele, vya upande wa pili vinabaki nyuma, na pedi haikai tena katikati ya mgongo. Bizimu mbili zinaondoa tatizo hilo. Ndiyo maana kwa anayeanza, au kwa hanesi itakayovaliwa na zaidi ya mtu mmoja, napendekeza Petzl Corax: bizimu mbili kiunoni, vitanzi vya mapaja vya kurekebisha, vitanzi vinne vya vifaa. Si nyepesi, na kwa kazi hiyo wepesi hauna maana. Black Diamond Momentum nayo nimeipenda, maana mapaja yake yanarekebishwa kwa kishikizo kinachoteleza na huhangaiki na utepe. Kama unakwea kuta za ukumbini tu na mapaja yako yanaingia vizuri, mapaja ya elastiki kama ya Petzl Sama yanatosha, na yanakuacha upige hatua ndefu kwa uhuru. Kwa njia ndefu unaposimama vituoni umening'inia, ongeza upana wa mkanda kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Kwa barafu na theluji, tafuta vitanzi vya mapaja vinavyofunguka kabisa, ili uvae bila kuvua viatu vyenye miiba.

Uimara. Pa kuangalia kwanza ni jicho la chini la kufungia kamba, lile linalounganisha mapaja. Kila unaposhushwa au kuanguka, kamba inasugua hapo, na vumbi la mwamba lililoingia kwenye nyuzi linafanya kazi ya msasa. Hanesi yenye kinga ya nyuzi ngumu sehemu hiyo huishi muda mrefu zaidi ya isiyo nayo. Baadhi zina nyuzi za rangi tofauti ndani ya utepe. Rangi hiyo ikichungulia, hanesi imekwisha. Kifaa cha kumshikia mwenzako kamba kikae kwenye kitanzi cha mbele, kile kinachounganisha kiuno na mapaja, kwa karabina (pete ya chuma inayofunguka), lakini kamba yako ifungwe kwa fundo la nane kupitia macho yote mawili, la kiunoni na la chini, kwa njia ileile kinayopita kitanzi hicho. Vitanzi vya vifaa ni vya vifaa tu. Havibebi mtu.

Usiache utepe wa kujifungia kituoni umenasishwa kwenye kitanzi cha mbele siku zote. Unakizuia kisizunguke, kikalika mahali pamoja. Mwaka 2006 huko Yosemite, Marekani, mkwea miamba Todd Skinner alifariki kitanzi cha mbele cha hanesi yake, kilichokuwa kimechakaa, kilipokatika akishuka kwa kamba.

Ukaguzi: pinda kila utepe uwe kama herufi U na utazame upande wa nje wa mpindo. Manyoya mengi, uzi uliokatika, sehemu iliyokuwa ngumu au kung'aa kwa kuungua, mshono uliofumuka, bizimu yenye ufa au kutu: yoyote kati ya haya inatosha kuistaafisha. Elastiki za nyuma zinazoshikilia mapaja zikilegea si hatari, ni usumbufu tu. Petzl wanaweka ukomo wa miaka 10 kwa bidhaa zao za nguo na plastiki, ila anayekwea kila wiki asitegemee kufika huko.

Iosheni kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30 na sabuni laini, suuza sana, anika kivulini. Jua huozesha nailoni taratibu. Asidi ya betri huiharibu bila kuacha alama ya kuonekana, kwa hiyo buti ya gari si ghala. Usiandike jina lako kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe unaobeba. Andika kwenye lebo.

Ya mitumba sinunui, hata ikiwa inang'aa. Tarehe ya kutengenezwa utaisoma kwenye lebo, ila buti ya gari ambamo ililala haina lebo.