Epoksi kwenye mashua ya mbao: uzoefu wangu wakati Nairobi imefungwa

Mashua yangu ni ya mvule, futi 18. Niliinunua Naivasha ikiwa imepinduliwa chini ya mgunga, nikaivuta kwa trela hadi yadi ya rafiki yangu Lang'ata, karibu na Nairobi Dam, bwawa ambalo zamani watu walitweka matanga, kisha likazibwa na magugu maji. Nia yangu ilikuwa kuishughulikia Jumamosi kwa Jumamosi. Tarehe 6 Aprili 2020 njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa kwa ajili ya korona. Kazi ilikuwa imeshasimama, kodi imenishinda, basi nikahamia yadini, nikatandika godoro ndani ya mashua yenyewe na kufunga turubai juu. Kafyu ilipokuwa ikianza saa moja jioni, mimi nilikuwa nimelala nikitazama mataruma, yaani mbavu za mashua, yaliyooza.

Mataruma matatu yalikuwa yamelika pale yanapokutana na mkuku, ule mti mkuu wa chini, na ubao wa shetri, huko nyuma, ulikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Muuzaji mmoja aliniambia resini ya poliesta, ile ya faiba ya kawaida, itatosha. Haikutosha. Baada ya wiki mbili niliingiza ncha ya patasi pembeni, faiba yote ikabanduka kipande kimoja, na chini yake mbao ina unyevu wa masika. Poliesta haishiki vizuri mbao, na mbao yenye maji ndiyo haishiki kabisa. Pesa ile iliniuma sana.

Nikanunua epoksi, gundi ya maji mawili yanayochanganywa yakawa magumu. Bei yake karibu mara tatu, lakini safari hii nilichonga uozo wote na kuacha mbao chini ya turubai, hewa ikipita, mpaka ikakauka kabisa. Niliyonunua ilitaka mafungu mawili ya resini kwa moja la hadina, ile dawa ya kuigandisha, nami nilipima kwa sirinji kila mara. Kuongeza hadina ili ikauke upesi hakusaidii; inabaki laini. Siku moja nilichanganya nyingi ndani ya kikombe cha mtindi: ikapata moto, ikatoa moshi, kikombe kikajikunja mkononi. Tangu hapo nikawa namimina kwenye sinia pana, kidogo kidogo. Kingine: ikikauka huacha utando kama nta juu yake. Uoshe kwa maji na dodoki kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka la pili halitashika.

Baridi ya Juni ndiyo iliyonipa taabu. Usiku wa Lang'ata epoksi haikauki, inalala tu. Nilijifunza kupaka saa nne asubuhi, jua likishapanda, na jioni kufunika kwa blanketi langu. Mimi nikajifunika koti.

Nilitaka kuziba na maungio ya mbao kwa epoksi hiyo hiyo. Nikampigia mjomba wangu wa Matondoni, Lamu, aliyejenga majahazi maisha yake yote.

“Mjomba, nimepata dawa ngumu kama chuma.”

“Hapo ndipo ubaya wake. Mbao zanywa maji zikanenepa, mwanangu. Ukizitia jiwe katikati, zitapasuka.”

Kwa hiyo maungio nilitia kalafati: pamba niliyoisokota, nikaichovya mafuta ya nazi, nikaishindilia kwa chembeu na nyundo kwa siku tisa. Nashukuru nilimsikiliza.

Njia zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Nikairudisha mashua Naivasha na kuishusha ziwani: siku ya kwanza maji yaliingia kwenye maungio, ya pili yakapungua, ya tatu mbao zilikuwa zimenenepa na kukaza. Shetri na mataruma niliyounga kwa epoksi hayakuvuja hata tone, na hadi leo nikiyagonga kwa kifundo cha kidole yanalia kama mbao mpya.

Kwa kuunga mbao iliyooza na kubandika viraka, nunua epoksi bila wasiwasi. Kama unafanya kazi Nairobi kati ya Juni na Agosti, ulizia hadina ya haraka. Mimi nilipewa ile ya polepole, inayofaa joto la Mombasa, na hakuna aliyeniuliza niko wapi.