Mituweli ya afya kule Kabare: ninayoipenda na inayonikera

Mama yangu anaishi Kabare, kijijini huku kwetu Kivu Kusini, Kongo, kwenye kilima cha migomba na mihogo, na mimi nashona nguo hapa Kadutu, mjini Bukavu. Kila mwaka namlipia mituweli ya afya, yeye na wote wanaolala nyumbani kwake, watu sita, dola nne kwa kila kichwa. Wateja wangu wengi wana wazazi kijijini, na wakikuta kitabu cha mituweli kwenye meza yangu ya cherehani huuliza kama kweli kinasaidia ama ni njia nyingine ya kula makuta ya watu. Kinasaidia, tena sana. Lakini kuna mahali kinauma, na ni haki mtu ayajue yote kabla ya kutoa pesa yake.

Kwa asiyeijua: watu wa kijiji wanachanga mwanzoni mwa mwaka, na atakayeugua anatibiwa kwa mchango huo. Ya kwetu inalipa nusu ya gharama kwenye kituo cha afya, na asilimia 80 kwenye hospitali kuu ya zoni, yaani eneo la huduma za afya, mradi kituo ndicho kilichokutuma kwa barua ya transferi. Ukijipeleka hospitali mwenyewe, unalipa yote. Wengi wanalilalamikia sharti hilo. Mimi naliunga mkono. Malaria ya kawaida, kuhara, kikohozi cha mtoto, hayo yote muuguzi wa kituo anayaweza kwa bei ndogo, na kitanda cha hospitali kinabaki kwa anayehitaji damu au kupasuliwa. Watu wa mbali wakisikia habari za afya ya Kivu Kusini wanataja Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, nao wana sababu. Ila jimbo letu lina zoni za afya 34, na kila zoni ina vituo vyake vidogo huko milimani. Ugonjwa wa mama zetu mwingi unaanzia na kuishia kwenye hivyo vituo.

Sharti lingine ni kuandikisha nyumba nzima. Huwezi kumlipia bibi mwenye maradhi peke yake na kuwaacha vijana wenye nguvu. Niliposikia hivyo mara ya kwanza niliona wananikamua. Yule animateri, mhamasishaji wa mituweli, akanieleza kwa utulivu, amekaa kwenye benchi ya mama: wakija wagonjwa watupu, mfuko unakauka kabla ya Juni, na hata huyo bibi hatapata kitu. Ndiyo maana pia kuna miezi mitatu ya kungoja kwa wanaoingia upya, ili mtu asije akajiandikisha leo kwa sababu kesho anapasuliwa.

Kitabu chenyewe kina jalada la kijani, na ndani kila mmoja ana picha yake, muhuri umepigwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi ili mtu asiibandue akabandika ya jirani. Picha ya mtoto wa mdogo wangu ilipigwa akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa anakimbia, na kila akifikishwa kituoni muuguzi anamtazama, anatazama picha, anamuuliza mama yake maswali mawili matatu kabla ya kuandika. Sikasiriki. Udanganyifu wa vitabu ndio uliozika mituweli nyingine ninazozijua.

Sasa niwasimulie kilichonifanya niamini. Huyo huyo mtoto alishikwa na homa usiku. Zamani mdogo wangu angefanya alivyofanya kila mtu pale: kumpangusa kwa maji, kumpa kidonge kilichobaki cha mwaka jana, halafu kungoja siku ya soko auze maharagwe apate pesa ya kwenda kuonana na muuguzi. Safari hii kulipopambazuka alifunga kitenge akaenda, kwa sababu alijua nusu imeshalipwa na nusu iliyobaki anaiweza. Muuguzi aligeuza viganja vya mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vyeupe, damu imepungua. Akatoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, na mistari miwili ikatokea. Hakungoja zaidi. Aliandika transferi, akamchoma sindano ya kwanza ya artesunate, akaita motari, mwenye pikipiki ya kubeba watu. Hospitali walimwekea damu siku hiyo hiyo.

Bili nimeiweka. Karatasi moja, safu mbili: upande mmoja sehemu ya mgonjwa, upande wa pili sehemu ya mituweli. Damu na vipimo vyake, sindano, kitanda. Jumla dola 61; sisi tulitoa 12 na senti 20. Dola 61 mdogo wangu hana. Hata mimi ningezitafuta kwa kuazima kwa watu wawili watatu sokoni. Na wote tunajua kinachotokea kwa asiyelipa: mgonjwa anapona, lakini haruhusiwi kutoka. Nimewaona akina mama waliokwisha kujifungua, watoto wao wazima, wamekaa kwenye baraza za hospitali majuma na majuma kwa sababu ya deni, wanaosha vyombo vya wenzao ili wapate chakula. Hakuna jambo linaloninyima usingizi kama hilo. Kwa mtu wa kijiji, hofu ya kuzuiwa ni kubwa kuliko hofu ya ugonjwa, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wabaki nyumbani mpaka mtoto aanze kutetemeka.

Kwa hiyo mkiniuliza mituweli inauza nini hasa, nasema inauza masaa. Mtoto mwenye malaria kali akifika asubuhi ana nafasi nyingine kabisa kuliko akifika kesho jioni. Dawa ni zile zile, muuguzi ni yule yule.

Wapi wanapata hizo dola nne wasio na mtoto mjini? Hapa lazima niwasifu akina mama wa MUSO, vile vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana. Wanaojua MUSO za Bushi, nchi yetu Washi, wanajua zile sanduku tatu: ya kijani ni akiba ya kukopeshana, nyekundu ni ya msaada mtu akipatwa na msiba au ugonjwa, ya buluu ni pesa inayoletwa kutoka nje ya kikundi. Kikundi cha mama kilipatana kila juma watoe kidogo cha mituweli pembeni, franka mia chache chache, hivi mwisho wa mwaka kila nyumba ina mchango wake bila kuuza mbuzi. Na kwa mjane mmoja asiyeweza kabisa, sanduku nyekundu ilimlipia yeye na wajukuu zake. Hakuna mzungu aliyekuja kuwafundisha hilo kwa semina. Walikaa chini ya mti wakakubaliana. Nafikiri mituweli isiyoshikana na MUSO haitafika mbali katika vijiji vyetu, maana pesa ya mkulima haiji yote kwa siku moja.

Basi, yale yanayonikera.

Kwanza dawa. Kitabu kinasema umelipiwa nusu ya dawa, lakini ikiwa kabati ya kituo ni tupu, nusu ya kitu kisichopo ni bure. Mama amewahi kupewa karatasi akanunue amoksisilini kwenye duka la barabarani, kwa pesa yake yote, na mituweli hairudishi senti kwa dawa iliyonunuliwa nje. Duka lenyewe linaweka vidonge juani. Niliwauliza viongozi wa mituweli, wakasema dawa ni kazi ya kituo. Kituo kikasema depo ya dawa haijaleta. Katikati yao amesimama mgonjwa. Naona mituweli ndiyo yenye nguvu hapo, kwa sababu ndiyo inayolipa bili: iandike katika mkataba dawa zipi zisikosekane, na zikikosekana ikate malipo. Mpaka sasa haijafanya hivyo, na kila mkutano mkuu mama anasimama kulisema.

Kingine ni presha. Mama ana presha ya miaka mingi na anameza vidonge kila siku. Magonjwa ya kudumu hayamo: presha, kisukari, miwani pia haimo. Naelewa hesabu, mfuko mdogo haubebi mtu wa kila mwezi maisha yake yote. Lakini wazee ndio wanaobaki vijijini, sisi tumeshuka mjini, na presha isiyotibiwa inaleta kiharusi ambacho baadaye kitalala hospitali kwa asilimia 80 za mituweli hiyo hiyo. Vidonge vya presha vya kawaida si ghali. Wangeanza hata na kumpima kila mzee kwenye kituo bila malipo.

Usafiri nao haulipwi. Ile motari ya kumshusha mtoto hospitali tuliilipa wenyewe, na usiku au wakati wa mvua, barabara ikiwa matope, bei inapanda mara mbili. Kuna vilima ambako pikipiki haifiki kabisa, wanaume wanne wanabeba machela mabegani. Kwa hao, barua ya transferi peke yake haitoshi.

Halafu kuna jinsi wanavyopokelewa. Nimesikia kwa mama, na kwa wengine wa kilima kingine, kwamba wenye kitabu wanaambiwa wangoje pembeni, wanaolipa taslimu wanapita mbele. Si kila kituo na si kila muuguzi. Yule aliyemtazama mtoto wetu viganja nitamshukuru siku zote. Lakini inatokea, na chanzo chake kinajulikana. Mituweli ikichelewa kulipa bili zake, kituo kinaona kitabu kama deni linaloingia mlangoni. Vita ilipofika Bukavu katikati ya Februari 2025 na benki zikafunga, hali ilikuwa mbaya kabisa: michango ya mwaka ilikuwa ndiyo kwanza inakusanywa, pesa ikakwama, na hospitali ikaanza kuwaambia wanamemba walete taslimu. Mama alinipigia simu akasema, “Mwanangu, kitabu kimekuwa karatasi.” Viongozi walikwenda kuongea na hospitali, wakakubaliana walipe kidogo kidogo kwa pesa ya simu, na baada ya muda wanamemba wakapokelewa tena. Nawapa sifa kwa hilo. Wangeweza kufunga ofisi wakakimbia, hawakukimbia.

Jumla, kama ni kutoa alama, nawapa saba juu ya kumi, na zile tatu walizopoteza ni kwa kabati tupu na kwa wazee wa presha.

Ukitaka kumwandikisha mzazi wako, usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua. Panda mwenyewe siku moja, au mtume ndugu, uliza kwanza kama mituweli imesajiliwa. Sheria ya mituweli ipo tangu tarehe 8 Februari 2017, wenye karatasi hawataona shida kukuonyesha. Uliza mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini na nani alisoma hesabu mbele ya watu. Pita kituoni ufungue macho kwenye kabati la dawa. Muulize muuguzi, si kiongozi wa mituweli, kama bili za miezi iliyopita zimelipwa. Jibu lake litakuonyesha mama atakavyopokelewa. Na mwambie mzazi wako asikubali kulipishwa vitu ambavyo tayari ni vya bure: chanjo za watoto, matibabu ya kifua kikuu, na zile pakiti za siagi ya karanga wanazopewa watoto ambao rele wa kijiji, yule mhudumu wa afya wa kujitolea, amewapima mkono kwa utepe, akakuta uko kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5. Nimesikia mahali ambapo pakiti hizo zinauzwa sokoni. Hizo ni za mtoto mgonjwa, ni dawa yake.

Hakikisha pia watoto waliozaliwa katikati ya mwaka wanaongezwa kwenye kitabu mapema. Wengi wanasahau, halafu mtoto mchanga akiugua wanaambiwa picha yake haimo. Picha tatu ndogo pale Kadutu hazigharimu kitu cha kutisha, na animateri hupita kila juma.

Kwetu wanaandikisha kuanzia Januari mpaka mwisho wa Machi, baada ya hapo mpaka mwaka mwingine. Safari hii naongeza nyumba ya mama mdogo, yeye na watoto wake, na nimeshamwambia aanze kutafuta picha zao.